Sharti Moja la Mwenye Nyumba

Mimi si mtu wa kuomba radhi haraka. Mke wangu alilijua hilo, wanafunzi wangu walilijua kwa fimbo, na wajukuu wangu siku hizi wananikwepa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo asije mtu akadhani naandika ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu jambo hili nimelibeba peke yangu tangu zamani za Mwingereza, na limenichosha.

Nilikuwa mwalimu kijana Njombe mjini. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Mke wangu alikuwa Mbena wa upande wa Ilembula, mimi Mkinga kutoka milima ya Makete, na kwao hawakuchoka kunitania kwamba Mkinga huhesabu kuni kabla ya kuwasha moto. Mimba yake ilikuwa na miezi mitano nilipopokea barua ya uhamisho. Niende Makambako. Nyumba ya mwalimu huko ilikuwa imebomoka ukuta kwa mvua, barua ilisema, hivyo nijitafutie pa kukaa kwa muda. Kwa muda! Aliyeandika barua ile alikuwa na nyumba yake, bila shaka.

Tukakubaliana mke wangu abaki kwanza kwa mama yake, mimi nitangulie kutafuta nyumba. Nilipanda lori la mbao, nikashuka njia panda ya Makambako asubuhi, na kofia yangu ikachukuliwa na upepo kabla sijatua sanduku. Wanaoijua Makambako wanaujua upepo ule. Haupumziki. Unapita mlango, unapita blanketi, unakufuata mpaka kitandani.

Siku tatu nilizunguka. Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda tu, na maduka machache, vilabu vya pombe ya ulanzi, malori yanayolala njiani, na kambi ya watu wa barabara. Kila chumba chenye mlango kilikuwa na dereva au karani. Baba mmoja alinionyesha stoo aliyokuwa akiweka ngozi za ng'ombe, akaniambia harufu nitaizoea. Mwingine aliniuliza kama nina mke, nikasema ninaye. Akauliza kama ana mimba, nikasema anayo. Akatikisa kichwa, akasema nyumba yake haitaki vilio vya watoto. Nilimjibu vibaya, tena mbele ya wake zake. Nikaondoka nimekunja uso, nikijisemea kwamba mtu akiwa na vyumba viwili tu katika nchi hii anajiona Bwana Shauri wa wilaya.

Siku ya tatu jioni nilisimama kwa fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya duka moja, nikamweleza shida yangu.

"Kuna nyumba ya bati kule nyuma," akasema. "Ya mama mmoja mjane. Iko tupu tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana? Na watu tunaonyeshwa stoo za ngozi?"

Hakunitazama. Alikanyaga cherehani yake mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Nenda ukaione mwenyewe, mwalimu," akasema.

Ilikuwa nyumba nzuri, na hilo ndilo lililonishangaza. Marehemu mume wa yule mama alikuwa mpishi wa wazungu, akajenga kwa kuiga alizoziona huko. Kuta za matofali, paa la bati, vyumba viwili, na dari ya mianzi iliyokandikwa udongo ili baridi isishuke. Milango ilikaa kwenye fremu zake barabara. Madirisha ya mbao yakifungwa yamefungwa. Sisi tulizaliwa katika nyumba za nyasi, ambamo moto unawaka katikati usiku na mchana, moshi unajipitia kwenye nyasi za paa, na mtu analala miguu ikielekea motoni. Hii ilikuwa nyumba ya watu waliosoma. Nikajiona humo ndani na vitabu vyangu, na kichwa kikavimba.

Ila kulikuwa na tundu. Katika chumba cha ndani, ukuta wa nyuma, juu karibu na dari, kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Mtu alikuwa amelitoboa kwa shoka au jembe, na kingo zake hazikusawazishwa. Upepo uliingia humo ukipiga mluzi.

"Na hili?" nikauliza.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mfupi, kajifunga kaniki. Kibena ndicho kilichomkaa mdomoni. Kiswahili alikizungumza polepole, akichagua neno moja moja.

"Hilo liache, mwalimu. Ukitaka kupaka chokaa, paka. Ukitaka kupiga misumari, piga. Lile tundu usizibe. Ukiziba, utoke kwangu."

"Ni tundu la nini?"

"La nyumba." Akatazama chini. "Nyumba nayo inataka kupumua."

Mwulizeni yeyote aliyelelewa misheni enzi zile angewaza nini. Mimi niliwaza mizimu. Nilijisemea kwamba marehemu mpishi anaingilia humo kuja kuonja vyungu vyake. Nilikuwa Mkristo wa kitabu na kengele, na kila sharti lisilo na maelezo kwangu lilikuwa ushetani. Haikunijia hata kidogo kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kujua kitu nisichokijua mimi.

Nikasema, "Sawa, mama. Sitaliziba." Nikakabidhiwa ufunguo.

Wiki ile ile nikaliziba. Na nililiziba kwa akili, maana ujinga wangu haukuwa wa mtu mvivu. Nilikunja gunia, nikalishindilia kutokea ndani, nikakandika udongo juu yake, ulipokauka nikapaka chokaa ukuta mzima. Kwa nje nililiacha tundu lionekane kama lilivyokuwa, jeusi, liko wazi. Yule mama, aliyekaa kwenye kibanda cha uani, alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya nyumba na kuinua shingo kulitazama. Nilimwona akipita, akatazama, akaridhika, akaenda zake. Nilicheka. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilicheka.

Mke wangu alifika mwishoni mwa Mei. Alizunguka vyumba vyote viwili akigusa kuta.

"Lo, Mkinga wewe, kumbe unajua kutafuta! Mwenye nyumba hana masharti?"

"Hana," nikasema.

Nilimficha kwa sababu nilimjua. Mwanamke mjamzito akisikia nyumba ina tundu lisilozibwa, asingelala humo hata siku moja, nami ningerudi kwenye ngozi za ng'ombe. Kwa hiyo mke wangu, ambaye hakuwa na shughuli nyuma ya nyumba, hakuliona lile tundu, wala hakusikia habari zake. Alipanga masufuria yake, akatandika kitanda chini ya ukuta ule ule, akaimba.

Kilichoanza kumtisha ni hodi. Kila siku kulipokucha, kabla sijavaa viatu, yule mama alikuwa mlangoni.

"Kamwene! Mmeamka?"

"Tumeamka, mama," mke wangu anajibu.

"Na mwalimu?"

Nisipoitika, haondoki. Ataita mpaka asikie sauti mbili. Akishazisikia zote mbili, utasikia nyayo zake zikizunguka nyuma ya nyumba, zinasimama kidogo, kisha zinakwenda. Kila siku ya Mungu, Jumapili haikosi.

"Anatuhesabu," mke wangu akaniambia baada ya wiki mbili. "Kwa nini mtu atuhesabu? Anatazamia tupungue?"

"Achana naye. Kibibi kina mambo yake. Na usikae naye kuongea ongea."

Akanitii. Laiti angekuwa mbishi kama mimi, wangekaa jikoni pamoja, wakaongea Kibena chao, na tundu lingetajwa. Lakini nilikuwa nimekataza, na mama wa watu naye aliona nyumba ameniachia mimi, sharti amenipa mimi, kwa hiyo lilikuwa limekwisha semwa.

Juni ukungu ulishuka, tukawa hatuuoni mti wa uani. Siku moja niliporudi kutoka shuleni nilimkuta mke wangu amekaa nje kwenye ukungu huo huo, kajiinamia, anatapika. Alikuwa ameingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, akajilaza, akaamka kichwa kinagonga.

"Ndani kulikuwa kuzito," akasema. "Miguu ilikuwa haitaki kunibeba."

"Mimba hiyo," nikamwambia. Daktari mimi!

Siku chache baadaye nilimpelekea fundi cherehani suruali ya kupunguza. Akauliza, "Mmeamkaje pale?"

"Mbona Makambako nzima inataka kujua nimeamkaje?" nikafoka.

Akaacha kukanyaga. Akasema alidhani nimeambiwa. Akanieleza kwamba baridi ya mwaka uliopita walikuwa wamepanga pale makarani wawili wa kambi ya barabara, vijana wazima, wacheshi. Asubuhi moja hawakuja kazini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walipouvunja waliwakuta kitandani, blanketi zimefika kidevuni, kama watu waliolala. Hakuna jeraha, hakuna kilichoibwa. Watu wakasema yule mama amewauza kwa wachawi.

Nilitoka pale nikikimbia nusu, kwa hasira na kwa woga. Nilimkuta mwenye nyumba anapepeta ulezi. Sikumwamkia.

"Umenipangisha nyumba ya maiti!"

Aliweka ungo chini. Hakukana. "Ningekuambia, ungepanga?" akauliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayeongea na ungo wake, "Wale watoto waliingiza moto, wakafunga kila kitu. Ile nyumba haina pa kutolea moshi. Mimi sijui kitabu, mwalimu. Niliwaza tu, nyumba ya mama yangu ilikuwa na moto kila siku na hakuna aliyelala moja kwa moja. Baada ya kuwazika nikapanda ngazi, nikatoboa mwenyewe. Tundu liko wazi?"

Hapa ndipo ningeweza kuokoka. Nilisimama mbele yake, nimeulizwa swali la neno moja.

"Liko wazi," nikasema.

Kwa nini? Nimejiuliza maisha yangu yote. Nadhani nilishindwa kumwambia mama yule, mimi mwalimu, kwamba nimemdanganya tangu siku ya kwanza. Niliwaza nitalizibua kimya kimya, yataisha. Lakini kuzibua kulitaka kubomoa ukuta nilioupaka chokaa, mke wangu angeuliza, ningelazimika kusema tundu lilikuwepo, na sharti lilikuwepo, na makarani walikuwepo. Alikuwa amekaribia siku zake. Nikasema Jumamosi. Jumamosi ikaja na wageni. Nikasema ijayo.

Mtoto akazaliwa Julai, wa kike, mzima, ana sauti ya kengele. Mkunga alinikabidhi nje uani, amefunikwa asipigwe na upepo, na mimi ambaye sina machozi nililia mbele ya watu. Mama mkwe alikuwa amefika siku mbili kabla, na kuanzia hapo chumba cha ndani kikawa chao, cha mzazi, mama yake na mtoto. Mimi nikahamia chumba cha mbele. Ndivyo ilivyokuwa. Mzazi anakaa ndani, mlango umefungwa, moto karibu yake mchana na usiku mpaka siku zake za kutolewa nje zitimie. Mwanamume haingii humo. Na zaidi alipo mkwe wangu, ambaye tulisalimiana nikiwa nimeangalia pembeni, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Mkwe alianza na kuni, katika kigae kikubwa cha chungu, kama alivyofanya kwa binti zake wote katika nyumba ya nyasi. Siku ya pili nilimsikia akikohoa nyuma ya mlango.

"Baba," akaniita, "nyumba yenu hii moshi hauna pa kutokea. Kuni zinatutoa machozi. Tupatie mkaa."

Moshi hauna pa kutokea. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu haya mawili. Nikaogopa kweli kweli. Nikafungua mdomo niseme, mama, tokeni kidogo nibomoe ukuta. Halafu nikaona itakavyokuwa. Mzazi mchanga asimamishwe kwenye upepo wa Julai, mkwe aulize, mke aulize, yule mama wa uani asikie nyundo. Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikaenda nikanunua gunia zima la mkaa wa miti ya miwati, nikalibeba mwenyewe begani mpaka mlangoni, na mke wangu akacheka kutokea ndani, akasema, "Leo Mkinga hakuhesabu!"

Mtoto angetolewa nje Jumamosi. Nilipanga siku hiyo hiyo, watakapokuwa uani na jamaa, nitabomoa. Niliiweka hata nyundo chini ya kitanda changu. Usiku nilikuwa nakaa kitako gizani nikisikiliza. Mtoto akilia nashukuru, narudi kulala.

Jumatano usiku alilia sana, kisha akanyamaza. Alhamisi alfajiri niliamka niwahi kukagua usafi shuleni. Kulikuwa kimya. Nilisimama mbele ya mlango wao na viatu mkononi. Nikataka kubisha. Nikafikiria mkwe wangu amelala, na mimi ni mkwe, siwezi kumwamsha mkwe kwa kumgongea mlango wa chumba. Nikajiambia mtoto amewakesha, waache wapumzike. Nikatoka kwa kunyata, nikavaa viatu nje.

Yule mama alipiga hodi saa yake ile ile. Haya niliyaambiwa na fundi cherehani. Aliita, "Kamwene! Mmeamka?" Kimya. Akaita tena. Akazunguka nyuma, akatazama juu, tundu liko wazi. Akarudi akaita mara ya tatu. Kisha akachukua mchi wake wa kutwangia, akaingia, akapiga mlango wa ndani mpaka komeo likaruka. Alimbeba mke wangu mgongoni, mwanamke mzima, akamlaza uani kwenye umande. Akarudi akamburuta mkwe wangu kwa mikono. Akarudi mara ya tatu, akatoka na mtoto, na wakati huo fundi alikuwa amefika, na anasema yule mama alikaa chini na mtoto mapajani.

Waliponiita nilikimbia na chaki mkononi. Mke wangu alikuwa anahema, macho yanazunguka. Mkwe alikuwa anatapika. Binti yangu alikuwa na siku kumi na moja. Alikuwa na joto bado. Nilimchukua nikamtikisa, nikampulizia usoni, nikamwita jina lake ambalo tulikuwa hatujalitangaza.

Dresa wa zahanati alikuja kwa baiskeli. Aliingia chumbani, akatoka haraka, akaniita pembeni chini ya upenu wa paa, sisi wawili tu.

"Ni hewa ya mkaa, mwalimu. Chumba kile kimezibwa kama debe. Mngekuwa na hata kitobo kimoja juu, mtoto angekuwa hai."

Nikatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayefundishwa jambo jipya.

Tulizika siku ile ile. Maneno yalianza kabla hatujarudi kutoka makaburini. Wawili mwaka jana, mmoja mwaka huu. Na yeye amejuaje? Nani kamwambia avunje mlango? Anahesabu watu kila asubuhi kama kuku wake, sisi wenyewe tumemsikia. Serikali ilikuwa inakataza kesi za uchawi, kwa hiyo jumbe akaiita kesi ya nyumba, tukakaa barazani kwake wote, watu wakajaa mpaka barabarani. Mke wangu aliletwa akiwa ameshikwa mikono huku na huku, kifua kimefungwa kitambaa kwa ajili ya maziwa.

Yule mama alisimama. "Mimi nilimwambia mwalimu asizibe tundu. Alinijibu sawa. Juzi juzi nikamwuliza, akanijibu liko wazi. Muulizeni yeye."

Watu wa jumbe walikuwa wamekwisha kwenda kutazama. Nje tundu, ndani ukuta mzima, mweupe. Jumbe akanigeukia kwa heshima, kwa sababu mimi ni mwalimu na nina msiba.

"Mwalimu, alikuambia habari ya tundu?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi kidogo, anasubiri. Kwangu mimi hapakuwa na mtu mwingine barazani pale. Nikisema ndiyo, nimemwambia kwamba nimemuua mtoto wake.

"Hakuniambia kitu," nikasema. "Ukuta niliukuta hivyo."

Watu wakaguna. Nilidhani yule mama atapiga kelele, ataniapiza, ataniita mwongo. Nilikuwa tayari kukasirika. Alinitazama tu, kwa mshangao, jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemwuma. Kisha akakaa. Hakuulizwa tena kitu. Jumbe alisema kwa usalama wake ni heri ahame, na kabla ya wiki kwisha aliondoka kwenda kwa ndugu zake Wanging'ombe, na mzigo mmoja kichwani na kuku wawili. Sikutoka nje kumwona akipita. Nyumba ile hakuipanga mtu tena. Nyuki wakaingia kwenye dari, halafu bati zikang'olewa na wasiojulikana.

Sisi tulipewa chumba nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa, nyumba ya nyasi, moto katikati. Jioni ya kwanza pale mkwe wangu alikaa upande wake, mimi upande wangu, mke wangu katikati akitazama makaa. Tangu msiba alikuwa hajaongea zaidi ya ndiyo na hapana. Ilipofika saa ya sala nikataka kuanza, kwa sababu sala nyumbani kwangu huanza mimi. Akaniinulia mkono.

"Leo niache mimi," akasema.

Akainamisha kichwa. Aliwaombea wazazi, akawaombea wenye nyumba waliotupokea. Kisha akasema, "Na yule mama, Bwana. Alinibeba mgongoni. Niliisikia mifupa yake. Mtu aliyetaka nife asingenibeba. Mimi sijui nani aliyeuziba ule ukuta. Wewe unajua. Kama yuko mtu aliyejua, akatuona tunawasha moto, akanyamaza, Bwana, usimwachilie. Asipate kusahau hata siku moja, mpaka anaingia kaburini."

Mama yake akaitikia, "Amina."

Mke wangu hakuinua kichwa. Alibaki vile vile, amefumba macho, anasubiri, kwa sababu kwetu sala haikwishi mpaka mimi mwenye nyumba niitikie.

"Amina," nikasema.